Hodi ya kifaa: njia tano za kupunguza maswali kwenye kipokezi cha intarapti

Ukipanga nyumba kwenye ploti za Manyatta au Nyalenda hapa Kisumu, unaijua tabu ya lango moja. Mtu anabisha, wapangaji wanane wanachungulia, saba wanarudi ndani wakiguna kwa sababu mgeni si wao. Laini ya intarapti, yaani njia ya ishara ambayo kifaa huitumia kumwita prosesa, ikitumiwa na vifaa vingi ni lango la namna hiyo. Kifaa kimoja kikibisha, kerneli (kiini) ya Linux huita kipokezi cha kila draiva, programu inayoendesha kifaa, iliyojiandikisha kwenye laini ile, kimoja baada ya kingine, na kila kimoja lazima kikaulize maunzi yake: ni wewe?

Kipokezi nakiita ile sehemu ya draiva inayoitwa na kerneli intarapti inapofika. Humo ndimo ukaguzi wa maunzi unamofanyika, na humo ndimo watu wanamookota senti huku noti zikipeperuka. Juzi kijana mmoja anayeunda kifaa cha kupima maziwa kule Nakuru aliniandikia: "Mkubwa, nimepunguza if zote kwenye kipokezi na bado mashine inakwama. Nifanyeje?" Nikamuuliza, kila intarapti ikija unasoma rejista ngapi, yaani vile visanduku vya taarifa ndani ya kifaa? Akaenda akahesabu. Sita.

If moja, yaani sharti moja ndani ya programu, haifiki nanosekunde chache. Kusoma rejista kupitia PCI Express, njia inayounganisha kadi na prosesa, kunaweza kuchukua mamia ya nanosekunde, au kuvuka mikrosekunde nzima, na muda wote huo prosesa imesimama inangoja jibu. Kuandika ni tofauti. Kuandika ni kama kutuma mzigo Busia kwa matatu: unamkabidhi konda, unaendelea na shughuli zako. Kusoma ni kukaa steji mpaka gari liende na lirudi.

Vigezo

Kila njia nitaipima kwa mambo yaleyale. Kwanza, bei ya swali: ni safari ngapi za kwenda na kurudi kwa kila hodi? Pili, ujirani: laini ni yako peke yako au mnagawana, na ukikosea nani anaumia? Tatu, hodi iliyopotea: kuna upenyo wa tukio kupita bila kuonekana? Nne, wengine kwenye mashine wanangoja kwa muda gani ukiwa kazini? Tano, kazi ya fundi, yaani kuiandika, kuijaribu na kuielewa tena mwaka ujao.

Kuhusu kigezo cha tatu, jua kwanza kifaa chako kinabisha vipi. Kuna kinachobonyeza kengele bila kuachia mpaka ujibu. Hiyo ndiyo intarapti ya kiwango, na waya za zamani za PCI, INTA hadi INTD, hufanya hivyo. Kuna kinachogonga mara moja na kuondoka, nayo ni intarapti ya ukingo. Cha kwanza huwezi kukikosa, lakini kikipuuzwa kitakutoa wazimu. Cha pili ukikikosa, kimekwenda.

Na pima kabla hujagusa kitu. /proc/interrupts itakuonyesha hodi ngapi zimefika kwenye kila laini na kila prosesa. Alama za ufuatiliaji za kerneli, irq_handler_entry na irq_handler_exit, zitakuonyesha kila kipokezi kilichukua muda gani. Yule kijana alikuwa amefanya wiki mbili za kazi bila kufungua hata kimoja.

Njia ya kwanza: swali moja, jibu liwekwe mfukoni

Hata ukichagua njia nyingine, hii utaihitaji ndani yake. Soma rejista ya hali mara moja mwanzoni, iweke thamani kwenye kumbukumbu ya ndani ya kipokezi, na maamuzi yote yafanywe juu ya hiyo thamani. Inaonekana jambo la wazi. Lakini fungua draiva iliyoandikwa na watu watatu kwa miaka mitano utakuta kila mmoja aliongeza usomaji wake.

Ukishasoma, angalia mambo matatu. Kama thamani ni moja tupu, yaani biti zote ni 1 (0xFFFFFFFF), kwenye PCI hiyo mara nyingi ina maana kifaa hakipo tena, kimechomolewa au kimekosa stima; rudisha IRQ_NONE, jibu la "si wangu", uondoke. Kisha ipitishe thamani kwenye kichujio cha matukio uliyoyaruhusu. Ikibaki sifuri, mgeni si wako. Kichujio hiki watu hukisahau, na vifaa vingi huwasha biti ya hali hata kwa tukio ambalo hukuliruhusu libishe. Ukiidai hodi ya jirani kwa sababu ya biti kama hiyo, utakuwa unaficha kosa lake. Mwisho, matukio adimu ya makosa yafunge pamoja uyapime kwa if moja badala ya tisa. Hilo la mwisho ni la usafi zaidi kuliko kasi.

Kufuta kuna adabu yake. Rejista nyingi hufuta biti unapoiandikia 1. Andika zile ulizoziona, basi. Ukiandika moja tupu eti unasafisha, utafuta na tukio lililofika mara tu baada ya wewe kusoma, wala hutajua lilikuwepo. Nyingine hujifuta kwa kusomwa tu: rejista ya ICR kwenye kadi za mtandao za Intel zinazoendeshwa na draiva ya e1000 ni hivyo. Hapo kusoma mara mbili ni kumwaga maziwa.

Bei ni safari moja, wakati mwingine mbili. Kwa nini mbili? Kwa sababu kule kufuta ni mzigo uliomkabidhi konda, na kipokezi kinaweza kumaliza kabla haujafika. Laini bado imebonyezwa, kerneli inakuita tena bure. Wengine husoma rejista yoyote mwishoni ili kulazimisha uandishi ufike. Mimi hupenda kufuta mapema, mwanzoni mwa kipokezi, ili mzigo uwe njiani wakati nafanya kazi nyingine, na mara nyingi safari ya pili haihitajiki.

Kwa ujirani, njia hii ni mpangaji mstaarabu: anatoka, anaangalia, anarudi. Inamfaa mwenye kifaa cha hodi chache au za wastani, na mwenye laini ya kugawana asiyeweza kuibadilisha.

Njia ya pili: nakala nyumbani

Hapa unapunguza hata ile safari moja pale inapowezekana. Usisome rejista ya ruhusa kujua matukio gani umeyawasha. Wewe ndiye uliyeyawasha, kwa hiyo weka nakala kwenye kumbukumbu kuu. Hilo pekee linaweza kukupunguzia usomaji nusu. Weka pia alama ya kwamba kifaa kimelala. Kwenye chipu nyingi za ARM, kugusa rejista za kifaa ambacho saa yake (mapigo yanayokiendesha) imezimwa huleta hitilafu au kuigandisha mashine, hivyo kuangalia alama kwanza ni usalama zaidi ya kasi.

Hatari yake ni nakala na ukweli kuachana. Kifaa kikijizima na kuwaka upya, rejista zake hurudi hali ya mwanzo huku nakala yako ikiamini ya jana. Kila mahali unapoandika rejista pia uandike nakala, chini ya kufuli moja (alama inayozuia wawili kugusa data ileile kwa pamoja), tena kufuli inayozuia intarapti kwenye prosesa hiyo, la sivyo kipokezi kitakuja kusubiri kufuli iliyoshikwa na prosesa ileile kiliyoikatiza, na hapo mashine imekwama.

Ila kuna mtego ninaoujua kwa kuingia. Miaka kadhaa nyuma niliandika draiva ya kadi ya bandari za siriali kwa kompyuta ya mizani ya miwa, huko kwenye ukanda wa Muhoroni. Nikajifanya mjanja: kama sijaagiza kitu, basi hodi haiwezi kuwa yangu, nirudishe IRQ_NONE bila kuuliza kifaa. Kwenye meza yangu mjini ilikwenda kama mshale. Kule kwenye mizani, trekta likapita juu ya kebo, kadi ikapiga hodi ya kosa ambayo hakuna aliyeiagiza. Laini ya kiwango, kengele imebonyezwa, na mimi nasema si yangu. Jirani yangu kwenye laini ile alikuwa kadi ya mtandao, naye kwa haki akasema si yake.

Kerneli ina subira yenye hesabu. Ikiona kwamba katika hodi 100,000 zipatazo 99,900 hazikupata mwenyewe, huandika "nobody cared" kwenye kumbukumbu zake na kuifunga laini nzima. Kwa kasi ya kengele iliyokwama, hesabu hiyo haichukui muda. Mizani ikanyamaza, mtandao ukafa nayo, na foleni ya matrekta ikawa ndefu kiasi cha kunifanya nishuke kwenye boda mita mia mbili kabla ya geti kwa aibu.

Kwa hiyo nakala itumie kujua ulichokiruhusu. Usiitumie kukisia kifaa kinataka nini, labda kama laini ni yako peke yako na unaijua vizuri. Inamfaa anayeandika draiva nzima mwenyewe na anayeweza kuhakikisha kila uandishi unapita mlango mmoja.

Njia ya tatu: mpe uzi kazi

Tangu kerneli 2.6.30 ya mwaka 2009, draiva inaweza kuomba intarapti kwa request_threaded_irq. Kipokezi kinabaki na swali fupi tu, ni wangu au si wangu, kisha kinanyamazisha kifaa na kurudisha IRQ_WAKE_THREAD. Ukaguzi wote mwingine unafanywa na uzi wa kerneli, kazi ya pembeni inayopangiwa zamu, ambao unaweza kulala, kungoja na kushika kufuli za kawaida.

Kwa vifaa vya I2C, vile vinavyoongea polepole kupitia waya mbili, hapa hakuna cha kuchagua. Kuuliza kupitia waya hizo kunalazimu kulala, yaani kuachia prosesa ukingoja jibu, na kipokezi hakiruhusiwi kulala. Hesabu yenyewe inatisha: kusoma rejista moja ya baiti moja ni anwani, namba ya rejista, anwani tena, kisha data, baiti nne za biti tisa kila moja pamoja na ishara za kuanza na kumaliza, karibu mapigo 39 ya saa. Kwa kHz 100 hiyo ni karibu milisekunde 0.4. Rejista nne moja moja zinakula milisekunde 1.6. Lakini kama chipu inasogeza namba ya rejista yenyewe, zisome zote nne kwa mkupuo: mapigo kama 66, milisekunde 0.66. Yule kijana wa Nakuru, kipimajoto ndani ya kifaa chake kilikuwa cha I2C, na badiliko hili peke yake lilimfaa kuliko if zote alizokata. Panda hadi kHz 400 ikiwa chipu inakubali, na muda unagawanyika kwa nne.

Kile uzi unachotoza ni kuamshwa kwake, mikrosekunde kadhaa kutegemea mashine. Kwa I2C ni chumvi tu kwenye chungu. Kwa kifaa cha haraka kinachobisha mara laki kwa sekunde, huo ni mzigo.

Kwenye ujirani, kuwa mwangalifu na IRQF_ONESHOT, alama inayoiacha laini imefungwa mpaka uzi umalize. Usipotoa kipokezi chako mwenyewe, utalazimika kuitumia. Kwenye laini ya kugawana ina maana jirani atangoja milisekunde zako zote, na wote kwenye laini lazima wakubaliane kuhusu alama hiyo. Kwa wengine kwenye mashine, hata hivyo, njia hii ni ya upole kuliko zote: uzi unaweza kupangiwa zamu. Anayejenga mfumo wenye kutaka majibu kwa wakati, kwa kerneli ya PREEMPT_RT iliyoingizwa kwenye Linux kuu toleo la 6.12 mwaka 2024, vipokezi vyake vingi vitageuzwa nyuzi atake asitake.

Njia ya nne: zima kengele, piga doria

Hodi ya kwanza ikija, unazima intarapti za kifaa na kuanza kuzunguka mwenyewe kukagua foleni, mpaka uikute tupu. Ndipo unawasha kengele tena. Draiva za mtandao za Linux huita mpango huu NAPI, na kwa kawaida kila mzunguko unapewa kikomo cha pakiti (vifurushi vya data) 64 ili wengine nao wapate zamu.

Haja yake inaonekana kwenye hesabu moja. Mtandao wa gigabiti moja ukijaa pakiti ndogo kabisa hubeba takriban pakiti 1,488,000 kwa sekunde, yaani mikrosekunde 0.67 kwa pakiti. Swali moja kwenye rejista linaweza kuchukua muda mrefu kuliko huo! Ukimjibu kila mgeni mlangoni hutapika chakula. Jeffrey Mogul na K. K. Ramakrishnan waliieleza hali hiyo mwaka 1996: mashine inapokea kwa bidii na haimalizi hata kazi moja.

Bei ya swali inagawanywa kwa pakiti zote za mzunguko. Lakini hodi zikiwa chache unalipa zaidi, kwa sababu kila moja inakugharimu kuzima na kuwasha. Upenyo wa kupoteza uko mahali pamoja: kati ya kuikuta foleni tupu na kuwasha kengele. Pakiti ikiingia hapo, kifaa cha ukingo kitanyamaza nayo. Washa, kisha angalia tena mara moja. Nimeona watu wakikesha kwa kukosa mstari huo.

Kuna njia ya katikati ambayo naona inadharauliwa: mwambie kifaa kikusanye hodi. Bandari ya siriali ya kasi 115,200 huleta hadi herufi 11,520 kwa sekunde. Chipu ya 16550 ina ghala la herufi 16. Ukiiambia ibishe ghala likifika 14, hodi zinashuka hadi kama 823. Hujabadilisha chochote kwenye kipokezi.

Doria inamfaa mwenye mkondo mzito usiokatika: mtandao, kamera, diski. Kwa kitufe ni mzaha.

Njia ya tano: kifaa kijieleze chenyewe

Hapa ploti inakuwa na kengele kwa kila nyumba. MSI na MSI-X huacha waya kabisa: kifaa kinatuma intarapti kwa kuandika ujumbe kwenye anwani maalumu. MSI inaruhusu hadi ujumbe 32 kwa kifaa, MSI-X hadi 2,048. Kila foleni ina namba yake, kwa hiyo swali la "ni wewe?" linakufa, na kichujio cha njia ya kwanza kinapungua uzito.

Vifaa vizuri huenda mbele zaidi na kuandika hali yao moja kwa moja kwenye kumbukumbu kuu. NVMe, mfumo wa diski za SSD za kisasa, ndiyo mfano ninaoupenda. Kila jibu kwenye foleni lina biti ya zamu inayogeuka kila foleni ikizunguka; draiva inaiangalia biti hiyo kwenye kumbukumbu ikajua kama jibu ni jipya, bila kusoma rejista hata moja. Na kwa kuwa ujumbe wa intarapti unasafiri barabara moja na data, haufiki kabla ya data iliyotangulia. Kwenye PCI ya zamani, yenye waya wa kando, hodi iliweza kuitangulia data, na usomaji wa rejista ndio uliokuwa unaisukuma data ifike.

Upande wa pili wa shilingi: ujumbe ni hodi ya ukingo. Tukio likiingia kati ya kusoma na kufuta, baadhi ya vifaa havitatuma ujumbe mwingine, kwa hiyo rudia kukagua mpaka uone hakuna kitu kipya. Usisahau pia kizuizi cha mpangilio wa kumbukumbu, amri inayomlazimisha prosesa asome kwa utaratibu, kati ya kusoma biti ya zamu na kusoma sehemu nyingine za jibu. Kosa hilo hujificha kwenye kompyuta za Intel na kuibuka kwenye ARM. Halafu hii si njia unayoichagua kwa kupenda. Maunzi yaiunge mkono ama basi, na mara nyingi utabaki na njia ya zamani pembeni kwa mashine zisizoiweza.

Kwa hali yako

Kama una kihisi cha I2C kwenye kisanduku kando ya ziwa, kinachobisha mara chache kwa sekunde, chukua uzi, soma kwa mkupuo, na uhakikishe pini yake haigawanwi na mwingine.

Kama ni kadi ya PCI ya zamani kwenye kompyuta ya kiwandani, laini ya kugawana, na hujui mnunuzi atachomeka nini kando yake, baki na swali moja la kweli kwa kifaa kila hodi. Nakala ya ruhusa iweke kwenye kumbukumbu. Ujanja wa kukisia uache Muhoroni.

Kama unaandika draiva ya kifaa kipya cha PCI Express na bado unaongea na wanaounda saketi, waombe MSI-X na hali iandikwe kwenye kumbukumbu, sasa, kabla bodi haijachapwa. Wakikataa, waombe angalau rejista moja inayojumlisha hali zote, ili usisome sita.

Kama hodi zako zinapita maelfu mengi kwa sekunde na /proc/interrupts inapanda kama mita ya maji iliyopasuka, anza kwa kukusanya hodi kwenye kifaa. Isipotosha, nenda doria, na unaweza kuichanganya na MSI-X bila ugomvi; draiva nyingi za mtandao hufanya hivyo.

Na kama umerithi draiva ya mtu na una siku moja tu kabla ya kuipeleka kwa mteja, hesabu usomaji wa rejista ndani ya kipokezi, uunganishe uwe mmoja, angalia kwanza kama kuna rejista inayojifuta kwa kusomwa, kisha chomoa kebo mara kumi huku unatazama laini. Yule kijana aliishia na usomaji mmoja wa mkupuo ndani ya uzi. Bado ananidai jibu kuhusu kufuli zake, ila mashine haikwami.